Upepo wa tairi katika gari linalovuta tela: somo kwa kamati zinazotumia gari moja

Wengine watashangaa kuona somo la gereji katika jarida la amani. Tunawaomba wavumilie kidogo. Kamati nyingi za wakimbizi wa ndani, za parokia na za vyama vya wakulima hutumia gari moja na tela moja kwa watu wa makabila mbalimbali. Tairi likipasuka njiani, ugomvi unaofuata unaweza kuwa na hasara kubwa kuliko tairi lenyewe.

Tuanze na mfano. Tumeutunga kwa ajili ya mafunzo, lakini viongozi wengi watayatambua mambo yaliyomo. Gari la kamati limevushwa kwa kivuko kutoka Kisangani mjini hadi Lubunga, kisha likashika barabara ya Opala likivuta tela lenye magurudumu mawili. Ndani ya tela kuna mbegu za mpunga na mahindi, majembe, na mabati machache ya familia zinazotaka kuona kama mashamba yao bado yapo. Dereva ni mtu wa jamii moja. Wenye mizigo wengi ni wa jamii nyingine. Saa nne asubuhi tairi la kushoto la tela linapasuka kwa kishindo, tela linaangukia mtaroni, na magunia manane ya mbegu yanazama matopeni. Jioni habari zimefika kambini: dereva amelichana tairi makusudi. Wengine wanasema hapana, ni vijana wa kijiji fulani waliotega misumari. Kesho yake akina mama wa pande mbili hawasimami tena pamoja kwenye foleni ya maji.

Tunajua kwa nini maneno kama hayo husadikiwa haraka. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka katika Lubunga mwaka 2023, maelfu ya watu walivuka mto kutafuta usalama mjini. Kabla ya hapo, wazee wa Kisangani walikuwa tayari wamebeba kumbukumbu ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa siku sita katikati ya mji wao. Mtu aliyepitia mambo hayo akisikia kishindo, hafikirii kwanza habari za upepo.

Basi kiongozi afanye nini? Neno la kwanza tunalopendekeza ni hili: "Leteni hilo tairi tulitazame." Lakini ili tairi liweze kutoa ushahidi, lazima tujue upepo unavyofanya kazi.

Waendesha toleka walijua

Mkaaji wa Kisangani hahitaji kufundishwa jambo hili tangu mwanzo. Katika miaka ya vita, mafuta yalipokuwa adimu, baiskeli za toleka ndizo zilizobeba mji: abiria, mihogo, makaa, hata wagonjwa. Abiria wa toleka hukaa nyuma. Kwa hiyo mwendeshaji hulijaza tairi la nyuma likawa gumu, na la mbele huliacha laini kidogo ili mikono isiteseke. Akipanda mama mnene mwenye ndoo ya samaki, mwendeshaji hubonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba kabla ya kuondoka.

Hiyo ndiyo kanuni yote. Upepo ndio unaobeba mzigo, wala si mpira. Mpira ni mfuko tu wa kushikilia upepo. Mzigo ukiongezeka juu ya tairi fulani, tairi hilo ndilo linalohitaji upepo zaidi, si matairi yote kwa pamoja. Tofauti ni kwamba tairi la gari halipimiki kwa kidole gumba. Mbavu zake ni ngumu, na linaweza kupungukiwa na robo ya upepo wake bila jicho kuona lolote. Madereva wanaopiga tairi teke na kusema "liko sawa" wanajidanganya, na tumewahi kuwa miongoni mwao.

Tela linaongeza uzito wapi?

Wengi hudhani kwamba tela hubeba mzigo wake lenyewe na gari huvuta tu. Sivyo. Sehemu ya mbele ya tela, yaani ulimi unaoshikamana na gari, huegemea kulabu iliyo nyuma ya gari. Tela lililopakiwa vizuri huweka juu ya kulabu karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wake wote. Tela la kilo 1000 litaweka kama kilo 100.

Tena kulabu iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari linafanya kazi kama mti wa kupima uliowekwa juu ya jiwe. Tuseme kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 3, na kulabu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zile kilo 100 zitaielemea ekseli ya nyuma kwa kilo 140, na zitaipunguzia ekseli ya mbele kilo 40. Ndiyo maana gari linalovuta tela huwa na usukani mwepesi. Sasa ongeza watu wanne walioketi nyuma ya pikapu, kila mmoja kilo 60. Karibu uzito wao wote unaangukia ekseli hiyo hiyo. Matairi mawili ya nyuma yamebebeshwa kilo 380 ambazo hayakuwa nazo jana, lakini upepo ni ule ule wa jana.

Kwa hiyo yako maswali matatu tofauti, nasi tunaona makosa mengi hutokea watu wanapoyajibu kwa jibu moja.

Matairi ya mbele ya gari: yaache kwenye kipimo cha kawaida. Kuyaongezea upepo wakati uzito umepungua huyafanya yarukeruke na kushika barabara vibaya.

Matairi ya nyuma ya gari: fungua mlango wa dereva, utazame nguzo yake. Magari mengi yana bango dogo au karatasi iliyobandikwa pale, yenye kipimo cha gari tupu na kipimo cha gari lenye mzigo. Unapovuta tela lenye mzigo, tumia kipimo cha mzigo. Kama bango limefutika, tafuta kitabu cha gari, au gari lingine la aina hiyo hiyo lenye matairi ya ukubwa huo huo. Bango likionyesha kipimo kimoja tu, madereva wenye uzoefu huongeza matairi ya nyuma kati ya bari 0.2 na 0.4, bila kupita kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kumbukeni kwamba maandishi ya ubavuni ni kikomo cha tairi. Sicho kipimo cha gari lako.

Matairi ya tela: haya yana hesabu yake, na ndiyo yanayosahauliwa zaidi kwa sababu hakuna anayekaa juu yake wala kusikia yanavyolia. Kama tela lina bango, lifuate. Kama halina, nalo limejazwa karibu na uwezo wa matairi yake, upepo unapaswa kuwa karibu na kikomo cha ubavuni. Tela lililopakiwa kwa ukamilifu huku matairi yake yakiwa laini ndilo hupasukiwa.

Kuhusu vipimo: vyombo vingi vya kupimia huonyesha bari upande mmoja na pauni upande wa pili. Bari 1 ni karibu pauni 14.5. Fundi wa matairi, yule ambaye wengi huku kwetu humwita kwado, anaweza kukuambia "kilo mbili na nusu". Kilo yake inakaribiana sana na bari, basi msigombane naye.

Upo mzigo usio na upepo wake

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo gereji inapokutana na kazi ya kiongozi.

Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba ya mzigo. Namba 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615 likiwa na upepo kamili. Namba 100 ni kilo 800. Namba 112 ni kilo 1120. Tuseme tela letu lina matairi mawili ya namba 91: uwezo wake ni kilo 1230. Tela tupu lina kilo 250. Tukiweka magunia 15 ya kilo 50, jumla ni kilo 1000. Kilo 100 zinakwenda kwenye kulabu, kilo 900 zinabaki juu ya matairi. Tuko salama, na nafasi ya kutosha imebaki kwa ajili ya mashimo ya barabara.

Usiku wanafika watu wenye magunia mengine manane. Kila mmoja ana sababu nzuri. Yanapakiwa. Sasa tela lina kilo 1400. Kilo 140 ziko kwenye kulabu, na kilo 1260 ziko juu ya matairi yenye uwezo wa kilo 1230. Hapo mtu atasema, "Ongezeni upepo." Haisaidii. Ukipita kikomo cha upepo, unaongeza hatari ya pili juu ya ya kwanza. Dawa ni kushusha magunia.

Lakini yashushwe ya nani? Swali hilo dereva hawezi kulijibu saa kumi na moja alfajiri huku kivuko kikingojwa. Akishusha magunia ya jamii nyingine, ataitwa mbaguzi. Akishusha ya ndugu zake, ataitwa msaliti. Basi hashushi chochote, anaondoka na tela lililozidiwa, akimwomba Mungu. Sisi hatumlaumu dereva huyo. Tunailaumu kamati iliyomwachia uamuzi uliokuwa wake.

Kwa hiyo kamati ikubaliane mapema, kikao kikiwa kimekamilika: tela linabeba magunia mangapi, kila upande una sehemu gani, na nani anangoja safari ya pili. Idadi hiyo iandikwe na kubandikwa mahali ambapo watu wote wanaona. Magunia yanaweza kupimwa kwenye mizani ya mfanyabiashara wa sokoni. Bidoni ya lita 20 ya maji ni kilo 20 bila chombo chake. Ya mawese ni kama kilo 18.

Kujua uzito wa kulabu pia hakuhitaji mashine. Lifungeni tela mbali na gari, likiwa limelala sawasawa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Kisha wekeni ulimi wake juu ya gogo lililosimama kwenye mizani ya kupimia watu wazima ya kituo cha afya, mkiwa mmeomba ruhusa. Ikiwa mnaogopa kuivunja mizani, tandazeni ubao: ncha moja juu ya mizani, ncha nyingine juu ya tofali la kimo hicho hicho, gogo katikati. Namba mnayosoma izidisheni mara mbili. Ikiwa ni ndogo mno, mzigo umekaa nyuma na tela litayumba kama mkia wa samaki. Sogezeni magunia mazito mbele kidogo, yawe chini na karibu na ekseli.

Namna ya kupima

Pimeni tairi likiwa baridi, yaani gari limelala angalau saa tatu au halijatembea zaidi ya kilomita moja au mbili. Tairi likitembea hupata joto, na upepo wake hupanda, mara nyingi kwa bari 0.2 au 0.3. Usiutoe. Ukiutoa njiani ukidhani umezidi, tairi likipoa litakuwa pungufu, na safari ya kesho itaanza na hatari.

Watu husema jua ndilo hupasua matairi. Ni kweli kwamba Kisangani iko karibu sana na ikweta. Nyuzi 10 za joto hubadilisha upepo wa tairi kwa kama bari 0.1 tu. Joto linaloua tairi hutoka ndani yake: tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, kama waya unaokunjwa mara nyingi mpaka ukatike. Mzigo ukiwa mkubwa na mwendo ukiwa wa kasi, linajipika.

Kamati iwe na kipima upepo chake yenyewe. Kile cha kwado kimeanguka mara nyingi, na huenda kinasema uongo bila yeye kujua. Kipima upepo kikae pamoja na daftari la gari. Wapimaji wawe wawili, mmoja wa kila upande, na wote wawili waandike jina: tarehe, saa, matairi manne ya gari, mawili ya tela, na la akiba. Kazi hii huchukua dakika kumi. Tumeona watu wasiosalimiana wakilazimika kuinama pamoja juu ya valvu moja na kukubaliana namba.

Matope na kivuko

Baadhi ya madereva hupunguza upepo ili kuvuka matope. Ni kweli kwamba tairi laini hukanyaga eneo kubwa na halizami upesi. Lakini linafaa kwa mwendo wa polepole sana tu, na ni lazima lijazwe tena kabla ya kuendelea. Kwa tela lenye mzigo hatushauri hata kidogo. Asiye na pampu ndani ya gari asitoe upepo kabisa. Ni afadhali kushusha magunia, kuweka mbao chini ya magurudumu, na kusukuma.

Mto Kongo hauna daraja hapo Kisangani, kwa hiyo kila tela linalokwenda Lubunga hupita ukingo wa chuma wa kivuko. Tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo huo hubanwa kati ya chuma na rimu, nyuzi zake za ndani zinakatika, na nje haonekani mtu aliyelikata. Linaweza kutembea siku kadhaa kabla ya kupasuka. Pandeni na kushuka polepole, tena moja kwa moja, si kwa pembe.

Kulisoma tairi lililopasuka

Turudi kwenye mfano wetu. Tairi limeletwa. Wazee wa pande mbili wameketi, kwado amelitoa kwenye rimu, dereva yupo. Tazameni ndani kwanza.

Tairi lililotembea likiwa pungufu huonyesha mduara wa mikwaruzo myeusi au ya kijivu unaozunguka ubavu wote kwa ndani. Huenda kuna unga au chembe za mpira ndani yake, kama vumbi la kifutio. Nyuzi zinaweza kuwa zimeachana pande zote. Hakuna kisu kinachoweza kufanya hivyo.

Tairi lililobanwa kwa kishindo, kwenye shimo au kwenye ukingo wa kivuko, huwa na mpasuko kwa ndani unaofanana na herufi X au Y.

Tairi lililochanwa kwa kisu huwa na mkato ulionyooka, wenye kingo safi, mahali pamoja, na sehemu nyingine ni nzima. Msumari huacha tundu dogo. Lakini angalieni: tundu dogo likipunguza upepo polepole na dereva akaendelea bila kujua, mtaona tundu na mduara pamoja. Basi msumari ulikuwapo, na bado hakuna ushahidi kwamba ulitegwa. Barabara zetu zina misumari ya mabati na ya mbao za masanduku.

Tazameni pia sehemu inayokanyaga ardhi. Ikiwa imelika kingo zote mbili, tairi limezoea upepo mdogo. Ikiwa imelika katikati, limezoea upepo mwingi. Na tafuteni ubavuni zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Matairi ya mitumba yana sura nzuri, lakini mpira wake umezeeka, hasa wa tela linalosimama miezi mingi juani.

Katika mfano wetu mduara wa kijivu unaonekana, na daftari linaonyesha kwamba matairi ya tela hayakupimwa kwa majuma sita. Hakuna aliyelichana. Kosa lipo, nalo ni la kamati yote, pamoja na wale waliopakia usiku. Ikiwa mngeona mkato wa kisu, msingeuficha. Mngelipeleka jambo kwa wenye mamlaka, mkiwa na tairi mkononi badala ya uvumi. Ndiyo maana tairi lililopasuka lisitupwe wala kuchomwa kabla ya pande mbili kulitazama.

Neno la usalama: tairi lililotembea bila upepo lisijazwe tena mpaka litolewe na kukaguliwa ndani. Anayejaza upepo asisimame mbele ya ubavu wa tairi, na watoto wasogezwe mbali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Je, gari au tela mnalotumia lina kikomo cha magunia ambacho kila mtu anakijua? Nani alikiweka?

Mara ya mwisho mzigo ulipozidi, mali ya nani ilibaki nyuma, na nani aliamua?

Mnaweza kuwachagua leo watu wawili, mmoja wa kila upande, watakaopima upepo pamoja? Ikiwa hamkubaliani juu ya majina, ni nini kinachowazuia?

Je, kuna tairi, paa lililoungua, au mtumbwi uliozama ambao mlimlaumia mtu bila kuutazama kwanza? Mtu huyo yuko wapi sasa?